Maji ndani ya fuwele kavu: kwa nini mrututu wako umetoa 4.5 badala ya 5

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa kidato cha tano ambaye darasani kwao wamepima maji yaliyomo ndani ya mrututu, yaani kopa salfeti ya buluu (kopa ni shaba), ambayo vitabuni ina molekuli 5 za maji kwa kila kopa salfeti moja. Kwa ufupi anaandika hivi: "Fuwele zilikuwa kavu. Nilizisaga na unga haukushika vidoleni. Lakini nilipozipasha moto, matone ya maji yalijitokeza kwenye shingo ya bomba la kioo na unga ukawa mweupe. Maji hayo yalikuwa wapi? Kwa nini ni 5, si 4 wala 6? Tulipopima, nilianza na gramu 2.50 nikabaki na 1.66, hesabu ikanipa 4.5. Mwenzangu alianza na 2.50 akabaki na 1.52, unga wake una weusi pembeni, akapata 5.7. Nani kakosea? Na je, naweza kurudia jaribio hili nyumbani kwa magadi ya sokoni?"

Mwanangu, nyote wawili mmekosea, lakini kila mmoja kwa njia yake, na makosa yenyewe yanasomeka wazi ndani ya namba mlizoandika. Ndiyo maana nimefurahi umezituma kama zilivyo, hukuzilazimisha zifike 5. Nitazichambua moja moja. Ila kwanza tumalize la maji yalikuwa wapi, maana bila hilo hesabu inabaki kanuni ya kukariri.

Fuwele zako zilikuwa kavu kweli, na maji yalikuwemo kweli. Mrututu umejengwa kwa vitu vitatu: ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za shaba, ioni za salfeti na molekuli za maji. Maji hayo hayakupenyeza baadaye. Fuwele ilipokuwa inajijenga kutoka kwenye mmumunyo, molekuli za maji zilipangwa pamoja na ioni, kila moja mahali pake, na mpangilio uleule ukajirudia kutoka ncha moja ya fuwele hadi nyingine. Hizo ni nguzo za nyumba, si mvua iliyovuja kwenye paa. Ndiyo maana kidole hakiloi: molekuli hizo hazina uhuru wa kutiririka, zimeshikwa.

Tunajua zimeshikwa wapi. Mwaka 1934 Arnold Beevers na Henry Lipson, wanasayansi wa Uingereza, walitumia eksirei kuchora ramani ya atomu ndani ya mrututu. Kila ioni ya shaba imezungukwa na molekuli 4 za maji zilizokaa kama pembe za mraba, oksijeni zao zikiielekea shaba. Juu na chini ya mraba huo kuna oksijeni za salfeti, ziko mbali kidogo zaidi. Hiyo ni 4. Molekuli ya tano haigusi shaba kabisa. Imekaa kati ya salfeti na yale maji mengine, imeshikwa na bondi za haidrojeni. Ukiitazama fomula CuSO₄·5H₂O unaona 5 moja tu, kumbe ndani yake kuna 4 za aina moja na 1 ya aina nyingine.

Na ule ubuluu unatoka hapohapo. Shaba iliyozungukwa na maji hufyonza mwanga mwekundu, macho yetu yanapata buluu iliyobaki. Ukiyafukuza maji, oksijeni za salfeti zinachukua nafasi yake, ufyonzaji unahamia kwenye miale tusiyoiona, na unga unaonekana mweupe. Udondoshee maji, buluu inarudi, na bomba linapata joto mkononi. Kwa sababu hiyo unga mweupe wa kopa salfeti hutumika maabara kupima kama kimiminika kina maji.

Usichanganye maji haya na maji mengine yanayoweza kuwa ndani ya kitu kikavu. Chukua chumvi ya mawe, ile ya punje kubwa inayovunwa kwenye mashamba ya chumvi ya pwani, uitupe kwenye kikaango cha moto. Itapasuka na kuruka. Hapo pia kuna maji, lakini ni vitone vya maji ya bahari vilivyonaswa ndani ya punje ilipokuwa inakua. Vikigeuka mvuke havina pa kutokea, punje inavunjika. Punje moja inavyo vingi, ya pili haina hata kimoja. Sodiamu kloridi yenyewe, katika joto letu la kawaida, haina molekuli ya maji katika mpangilio wake. Chumvi hiyohiyo ikilowa koponi wakati wa masika, huo ni unyevu wa tatu, umevutwa kutoka hewani hasa na magnesiamu kloridi iliyobaki humo. Maji yaliyonaswa hayana kipimo maalumu, wala unyevu wa hewani hauna. Maji ya fuwele yana kipimo: ukichukua mrututu safi wa Kilimanjaro au wa Ulaya, sehemu 36 katika 100 za uzito wake ni maji, haipungui haizidi.

Wazo hili la kupima maji yanayotoka na yanayorudi ni la zamani. Mwaka 1765 Antoine Lavoisier, kijana wa miaka 21, aliwasilisha mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris utafiti wake kuhusu jasi. Alionyesha kwamba jasi ikichomwa hutoa maji, na kwamba plasta, yaani jasi iliyochomwa, inapoganda inayarudisha yale maji iliyoyapoteza. Alifika hapo kwa mizani, kama wewe.

Sasa, kwa nini 5? Hakuna kanuni fupi ya kutabiri namba hii kwa kila chumvi, na mtu akikupa moja usiikubali haraka. Kuna mielekeo tu. Ioni ndogo yenye chaji kubwa huvuta maji kwa nguvu, kwa hiyo chumvi za magnesiamu, shaba, chuma na aluminiamu mara nyingi huwa na maji ya fuwele. Ioni kubwa yenye chaji moja, kama ya potasiamu, huvuta kidogo, ndiyo maana potasiamu kloridi na potasiamu naitreti hazina. Baada ya hapo swali linakuwa la nafasi: ioni na maji vipangwe vipi ili vishikane vizuri bila kuacha mapengo. Salfeti za magnesiamu, zinki, naikeli na chuma (ile ya feri mbili) zote hujenga fuwele zenye maji 7: molekuli 6 zimezunguka metali, ya 7 iko pembeni karibu na salfeti. Shaba, kwa jinsi elektroni zake zilivyokaa, hupenda majirani 4 wa karibu na 2 wa mbali, na wale wa mbali wakawa oksijeni za salfeti. Hapo ndipo 5 inapotokea. Shabu ile ya kusafishia maji ya mtungi ina 12: molekuli 6 zimezunguka aluminiamu na 6 zimezunguka potasiamu.

Namba hiyo pia si ya milele hata kwa chumvi moja. Sodiamu kaboneti huja na maji 10 chini ya nyuzi joto 32 hivi, na 7 katika kinjia chembamba kati ya 32 na 35, na 1 juu ya hapo, na isiyo na maji kabisa ukiipika vizuri. Jasi ina 2. Ukiipasha kwenye nyuzi 120 hadi 150 hivi inabaki na nusu, yaani molekuli moja ya maji kwa kila kalsiamu salfeti mbili, nayo ndiyo plasta wanayokufunga hospitalini ukivunjika mkono. Ukiulizwa "chumvi hii ina maji mangapi", jibu kamili linataja joto na ukavu wa hewa.

Ukavu wa hewa una uzito wake. Kila fuwele yenye maji hutoa mvuke kidogo, na kila moja ina kiwango chake. Hewa ikiwa na mvuke mwingi kuliko kiwango hicho, fuwele inatulia. Ikiwa na mvuke mdogo, fuwele inapoteza maji yake polepole hata bila moto. Kwa mrututu kwenye nyuzi 25 kiwango hicho ni karibu theluthi moja tu ya mvuke ambao hewa inaweza kubeba, kwa hiyo kopo lako la mrututu linaweza kukaa kabatini miaka likabaki buluu. Fuwele za sodiamu kaboneti zenye maji 10 zinahitaji hewa yenye unyevu mwingi zaidi. Ziache wazi Dodoma wakati wa kiangazi, zitageuka unga mweupe juu. Tanga au Mombasa zitachukua muda mrefu zaidi. Mtunza maabara asiyelijua hili hupata taabu bila kujua inatoka wapi: kutengeneza sentimita za ujazo 250 za mmumunyo wa moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe), anahitaji gramu 7.15 za fuwele zenye maji 10 lakini gramu 2.65 tu za unga usio na maji. Kopo lililoachwa wazi halina hii wala ile, lina mchanganyiko wa katikati, na hakuna hesabu itakayolinyoosha. Kopo la namna hiyo ni la kukausha lote kwa moto ndipo lipimwe.

Turudi kwenye mizani yako. Gramu 2.50 za mrututu ukizigawa kwa 249.7, uzito wa moli moja ya mrututu, unapata moli 0.0100. Maana yake, katika sampuli yako, kila molekuli moja kati ya zile 5 za kwenye fomula inabeba gramu 0.18. Mrututu hauyaachi maji yake yote kwa mkupuo. Yanatoka mawili kwanza, karibu na nyuzi 63. Mengine mawili karibu na 109. La mwisho linang'ang'ania mpaka upite 200. Joto hizo husogea kutegemea kasi ya moto wako, lakini ngazi ndiyo hiyo: 5, 3, 1, 0. Sasa ziandike kwa gramu. Unaanza 2.50. Yakitoka mawili unabaki na 2.14. Yakitoka manne, 1.78. Yakitoka yote, 1.60.

Wewe ulibaki na 1.66. Ipo kati ya 1.78 na 1.60, imeshuka theluthi mbili ya ngazi ya mwisho. Kwa hiyo maji manne ya kwanza yalitoka yote, na lile la mwisho lilitoka kwa theluthi mbili tu ya unga wako. Gramu 0.06 ya maji ilibaki ndani au ilirudi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na unaweza kuyatofautisha. Kama uliacha kupasha mara tu unga ulipopauka, basi maji yalibaki, kwa sababu unga wenye maji 1 nao umepauka sana na kwa jicho huwezi kuutenganisha vizuri na ule usio na maji kabisa. Kama uliupasha sana lakini ukaacha kikombe wazi mezani kipoe, unga umekunywa mvuke wa hewani, na mara nyingi tabaka la juu huonyesha ubuluu kwa mbali. Kumbuka ulifanya lipi.

Utauliza: kama maji yaliyotoka ni gramu 0.84, na kila moja ni 0.18, mbona si 4.7? Ni kweli, 0.84 gawa kwa 0.18 ni 4.7, na hayo ndiyo maji yaliyoondoka. Lakini wewe hukugawa hivyo. Uligawa moli za maji kwa moli za unga uliobaki, ukichukulia kwamba gramu 1.66 yote ni kopa salfeti tupu. Humo ndani kuna gramu 0.06 ya maji inayojifanya chumvi. Kosa moja limeuma mara mbili: limepunguza maji juu ya mstari na limeongeza chumvi chini yake. Ndiyo maana jaribio hili huadhibu vikali mtu anayeharakisha.

Mwenzako amekwenda upande wa pili. Alibaki na 1.52, chini ya 1.60, na maji pekee hayawezi kumfikisha huko hata yakitoka yote. Kuna kingine kimeondoka. Weusi ule wa pembeni ni kopa oksidi. Unga ukiguswa na moto mkali, kuelekea nyuzi 600 na zaidi, salfeti yenyewe inavunjika: oksidi nyeusi inabaki na gesi za salfa zinatoka, zinakera pua na koo. Gramu 0.08 iliyopungua ukiigawa kwa 80, uzito wa moli moja ya SO₃ (salfa na oksijeni iliyotoka kwenye salfeti), unapata moli 0.001, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya chumvi yake yote iliungua. Chini ya kikombe palikuwa jekundu kwa moto wakati katikati hapajafika 200. Inawezekana kabisa kikombe kimoja kuwa na unga ulioungua pembeni na unga wenye maji katikati, na makosa hayo mawili yakafutana, ukapata 5.0 safi. Mimi 5.0 ya namna hiyo naiogopa kuliko 4.5 yako.

Kuna maelezo utayakuta kwenye vitabu vingi kwamba molekuli ya mwisho kutoka ni ileile ya tano iliyoshikwa na salfeti. Sipendi maelezo hayo. Maji yakianza kutoka, fuwele yote inajipanga upya. Katika kopa salfeti yenye maji 1, lile moja lililobaki limeungana na shaba. Huwezi kuikodolea macho molekuli fulani ukasema ni yuleyule wa zamani. La hakika ni kwamba maji yaliyobaki peke yake yameshikwa kwa nguvu zaidi, na yanadai joto zaidi.

Ukipata nafasi ya kurudia, fanya hivi. Kichome kikombe cha kauri kikiwa kitupu na mfuniko wake, kipoe, ndipo ukipime. Kikombe chenyewe hubeba unyevu. Tumia gramu 5 badala ya 2.50. Mizani yenu inasoma desimali mbili, na kwa sampuli ya 2.50 kosa la gramu 0.01 tu linahamisha jibu kutoka 4.98 hadi 4.90, ukiongeza sampuli mara mbili unalipunguza kosa hilo kwa nusu. Saga fuwele ziwe unga, usiache mabonge, maana bonge hukauka nje likabaki na maji ndani. Anza kwa moto mdogo, mfuniko umeachwa upenyo, kwa sababu maji yakitoka kwa ghafla yanarusha unga nje, na unga uliorushwa utahesabiwa kuwa maji. Koroga mara kwa mara kwa waya safi au kijiti chembamba cha kioo, na hicho kijiti kipimwe pamoja na kikombe tangu mwanzo, kwa sababu unga utashika. Kama shule ina oveni inayofika nyuzi 250, achana na moto wa gesi kabisa: oveni inazidi 200 inayotakiwa na haiwezi kamwe kuifikia 600.

Kipoze kikombe ndani ya desiketa, kile chombo cha kioo chenye kikaushio chini. Hakuna desiketa? Kopo kubwa la kioo lenye mfuniko unaobana, chini umeweka kalsiamu kloridi iliyokaushwa, linatosha. (Kalsiamu kloridi nayo inafanya kazi hiyo kwa kujijengea fuwele zenye maji 6, kwa hiyo kikaushio chako ni mfano mwingine wa somo lilelile.) Usipime kikiwa cha moto, hewa inayopanda inainua sahani ya mizani na utasoma uzito mdogo kuliko halisi. Pima, rudisha kwenye moto dakika 10, poza, pima tena. Ukiona vipimo viwili vimelingana ndani ya 0.01, acha. Hatua hii ya mwisho ndiyo iliyokosekana kwenu wote wawili. Ungeirudia mara moja tu, 1.66 ingeshuka hadi 1.60. Na yeye angeona unga wake unazidi kupungua kila mara, akajua kuna kinachoungua.

Kwenye ripoti andika 4.5. Andika na ngazi niliyokupa hapo juu, useme theluthi ya maji ya mwisho haikutoka. Mtahiniwa anayejua namba yake imepindia wapi anaelewa kemia kuliko aliyenakili 5 kutoka kitabuni.

Kuna tahadhari mbili kabla ya kwenda kwenye magadi, kwa kuwa najua utataka kujaribu chumvi nyingine. Ya kwanza: si kila fuwele yenye maji huyatoa kwa usalama. Magnesiamu kloridi yenye maji 6 ukiichoma, maji yake yanaishambulia kloridi kabla hayajaondoka, gesi ya haidrojeni kloridi inatoka, na mwishowe unabaki na oksidi. Ferika kloridi na aluminiamu kloridi ni hivyohivyo. Ukipima uzito uliopotea ukauita maji, umejidanganya.

Ya pili ni nzuri zaidi, na ni kipande cha kemia ninachokipenda kuliko vingi. Kromiamu kloridi yenye maji 6 ipo ya aina tatu: ya zambarau, ya kijani inayoelekea buluu, na ya kijani kibichi. Uzito wa moli ni uleule, fomula ya jumla CrCl₃·6H₂O ni ileile. Zimumunyishe kwenye maji baridi na uzidondoshee silva naitreti mara moja. Ya zambarau inatoa kloridi zote 3 kama unga mweupe, ya pili inatoa 2, ya tatu inatoa 1 tu. Tofauti ni nani amekaa karibu na kromiamu. Kwenye zambarau, maji yote 6 yameizunguka metali na kloridi ziko nje, huru. Kwenye ya pili kloridi moja imeingia ndani na molekuli moja ya maji imetoka. Kwenye ya tatu zimeingia mbili na maji mawili yametoka. Alfred Werner, aliyetoa nadharia yake ya metali na majirani zake mwaka 1893 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913, aliifanya kemia ikubali kwamba ile nukta kabla ya H₂O inaficha mambo. Ukiiona nukta hiyo popote, jiulize maji hayo yameshika nini.

Hata kwenye dawa ipo. Soma maandishi madogo kwenye boksi la amoksilini: mara nyingi kilichowekwa ni amoksilini yenye maji 3, na wameandika kiasi "sawa na" amoksilini miligramu 500. Ili mgonjwa apate hizo 500, kiwanda kinapima miligramu 574 za fuwele. Zile 74 ni maji. Mfamasia asipozihesabu, kila kidonge kinapungua dawa.

Sasa magadi. Kwa jaribio hili, hayafai, na sababu yake ni ya kuijua. Magadi ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi ni fuwele ya sodiamu kaboneti na sodiamu baikaboneti pamoja na maji 2: Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Ukiyachoma, maji 2 yanatoka, lakini baikaboneti nayo inavunjika, ikitoa maji mengine na kaboni dioksidi. Katika gramu 5.00 za magadi safi utapoteza gramu 1.48. Kati ya hizo, 0.80 ndiyo maji ya fuwele, 0.20 ni maji yaliyozaliwa kutokana na baikaboneti, hayakuwepo kabla kama maji, 0.49 ni gesi. Ukijumlisha yote ukayaita maji na ukafanya hesabu yako ya kawaida, itakupa karibu 2.5, namba inayopendeza na ya uongo. Tena magadi ya sokoni yana chumvi ya kawaida, floridi na udongo ndani yake. Kama unataka kuyatumia shuleni, yatumie kuonyesha hilohilo: pitisha gesi inayotoka kwenye maji ya chokaa yageuke meupe kama maziwa, darasa lione kwamba kilichopungua kwenye mizani si maji peke yake.

Mrututu pia usiuchome nyumbani. Ni sumu, na vyombo vya jikoni vikiguswa nao havirudi mezani.

Badala yake nenda duka la dawa ukanunue chumvi ya haluli. Hiyo ni magnesiamu salfeti yenye maji 7, safi, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Pima gramu 5.00 ndani ya kikombe cha kauri shuleni, kwa moto mdogo sana, kwa sababu italowa na kuchemka ndani ya maji yake yenyewe kabla haijakauka, na ukiharakisha itarukaruka. Ikikauka na vipimo viwili kulingana, soma mizani. Ukikuta 2.81, umebakisha maji 1, moto wako haukupanda vya kutosha. Ukikuta 2.44, yametoka yote 7. Ukikuta namba ya katikati, tayari unajua jinsi ya kuisoma.